Pete Hushika Tairi, Haizibi Upepo

Mwenye gari la porini akiniletea rimu ya bidiloki inayovuja, yaani rimu yenye pete inayofungwa kwa boliti ili ilibane tairi, kitu cha kwanza anachonionyesha ni boliti hizo. Amezikaza zote, nyingine hadi zikakatika vichwa, na bado kila asubuhi tairi limelala. Nimefanya kazi hii Nairobi muda wa kutosha kujua kwamba mara nyingi ubovu hauko pale kidole kinapoelekezwa. Bidiloki iliundwa ili ilishike tairi lisichomoke kwenye rimu. Kuzuia upepo usitoke ni kazi nyingine, na rimu hizi zina njia nyingi za kupoteza upepo kuliko rimu ya kawaida. Fundi asiyezitenganisha kazi hizo mbili atakaza boliti mpaka ajichoshe.

Kwenye rimu ya kawaida, upepo wenyewe ndio unaosukuma kingo za tairi zikae kwenye midomo ya rimu. Ukiwa na psi 30 na kitu (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), tairi halibanduki kirahisi. Lakini kwenye mawe na mchanga hatutembei na psi 30. Tunashusha hadi 15, hadi 12, wengine hata 8, ili tairi litandae na kulikumbatia jiwe badala ya kurushwa nalo. Kwa upepo mdogo namna hiyo, gari likiegemea ubavuni mwa mlima au usukani ukikatwa ghafla, ukingo wa tairi unachomoka na upepo wote unatoka kwa mpigo mmoja. Bidiloki inazuia hilo kwa kuubana ukingo wa nje kati ya rimu na pete nene ya chuma au alumini, kwa boliti 16, 24 au hata 32 zinazoizunguka pete hiyo. Ukingo wa ndani, kwenye bidiloki nyingi, haubanwi na chochote. Umekaa tu kama ulivyokaa kwenye rimu ya matatu. Naomba msomaji alishike hilo, maana nitalirudia.

Hapa Kenya rimu hizi utaziona zaidi kwenye magari ya mashindano. Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989 ili kuchangisha fedha za kujenga ua wa kulinda msitu wa Aberdare na vifaru wake, humpa dereva muda wa saa 10 kufika vituo 13, na mshindi ni aliyevifikia kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Mwendo kasi hausaidii sana. Anayetaka umbali mfupi hupita moja kwa moja: korongo, majabali, vichaka vya miiba. Gari linalosimama kujaza upepo kila baada ya kituo halivimalizi vituo, ndiyo sababu watu wanaumizwa kichwa na uvujaji mdogo ambao dereva wa mjini asingeujali.

Kabla sijafungua chochote, huuliza gari lilikuwa wapi. Watu wengi hapa huenda kujaribu magari yao upande wa Magadi, na safari hiyo inashuka kutoka Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hadi mita 600 hivi kando ya Ziwa Magadi. Geji haipimi kilicho ndani ya tairi peke yake. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Kadiri unavyoteremka kutoka Corner Baridi, kwenye barabara hiyo ya Magadi, kuelekea bondeni, hewa ya nje inazidi uzito, na geji inashuka bila upepo wowote kutoka. Kwa mteremko huo mzima ni psi 1.5 au zaidi kidogo. Kwenye tairi la lori hakuna atakayegundua, lakini kwenye tairi lililowekewa psi 12 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mchana joto la bonde huuficha upungufu huo, kwa kuwa upepo ukipata moto hutanuka. Usiku chuma kikipoa, geji ya alfajiri inasoma chini, na pete inaanza kulaumiwa. Nyuzi 10 za joto peke yake zinabadilisha karibu psi 0.9 kwenye tairi kama hilo.

Kwa hiyo matairi yote manne hupimwa kwa geji moja, alfajiri, kabla jua halijayapiga. Yakishuka pamoja kwa kiasi kimoja, hilo ni jambo la mwinuko na baridi, na dawa yake ni kuongeza upepo kidogo. Likishuka moja peke yake, hilo linavuja. Geji nayo iwe ya kupima psi chache. Ile ya kituo cha mafuta inayofika 150 haiwezi kukuambia kwa uhakika kama una 11 au 12.

Sasa kutafuta. Gurudumu hulitoa kwenye gari nikalilaza chini, pete ikiwa juu, nikajaza hadi psi 25 au 30 ili uvujaji ujitokeze. Maji yenye sabuni ya vyombo, yawe mazito kidogo, huyamwaga polepole kwenye mfereji ulio kati ya pete na ubavu wa tairi mpaka yasimame. Halafu naliacha hapo. Vijana wengi ninaofanya nao kazi hushindwa hapo pa kuliacha. Uvujaji mkubwa unabubujika papo hapo, unausikia hata kwa sikio. Ule unaolaza tairi kwa usiku mmoja haububujiki. Unatoa povu jeupe, laini kama la maziwa yanayoanza kuchemka, na povu hilo huchukua dakika kadhaa kujikusanya. Anayemwaga maji, akatazama nusu dakika na kugeuza gurudumu, ataapa kwamba rimu ni nzima.

Povu likitokea, chora alama ya chaki kwenye pete na kwenye tairi, mahali pamoja. Alama zote mbili. Ukishafungua pete, ya upande mmoja pekee haitakusaidia.

Land Rover Defender moja ndiyo iliyonifundisha kulisoma povu. Ilikuja ikiwa na povu dhahiri kwenye tundu la boliti moja. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha boliti hiyo na kuizungushia utepe mweupe wa mafundi bomba, povu likahamia boliti ya jirani. Akabadilisha na hiyo. Likahama tena. Ukiitazama bidiloki ya kawaida ikiwa imefunguliwa, utaona matundu ya boliti yako nje ya ule mzunguko ambao mpira unabanwa. Boliti haigusi kabisa chumba cha upepo. Upepo ulikuwa unapenya chini ya mpira mahali pengine, unaingia kwenye uwazi kati ya pete na rimu, unazunguka humo mpaka unapata tundu la kutokea. Ukiliziba, unatafuta lingine.

Tuliitoa pete. Ukingo wa tairi lililobanwa sawasawa hubaki na alama: ukanda unaong'aa, upana mmoja, kuuzunguka mpira wote. Kwenye tairi hili ukanda ulikuwa mzuri karibu kote, isipokuwa sehemu moja, kama shubiri kutoka kwenye tundu lile la boliti, ambapo ulififia na kukatika. Nilipitisha kidole. Palikuwa na uzi mwembamba wa mpira uliosimama, ule mshono unaobaki pale vipande vya kalibu ya kiwandani vinapokutana. Ulikuwa mdogo, unausikia kwa ncha ya kidole kuliko unavyouona kwa macho, na ulikuwa umeinua pete kiasi cha kutosha kuacha njia pembeni yake. Tuliukata kwa wembe mkali, tukapitisha msasa laini, tukarudisha pete. Boliti zile zile za zamani, bila utepe, hazikutoa povu tena. Tangu hapo kila tairi jipya linaloingia kwenye bidiloki hupitiwa kwa vidole kwanza, kingo zote, na mishono yote inakatwa kabla ya pete kuguswa.

Kukaza kwenyewe kuna utaratibu, na kuuharakisha ndiko kunakozalisha kazi nyingi za kurudia. Tairi lazima likae katikati kabla boliti ya kwanza haijabana. Likiwa limesogea upande mmoja hata milimita chache, pete itabana mpira mwingi huku na kidogo kule, na hakuna nguvu ya spana itakayosawazisha hilo. Boliti zote huanza kwa mkono. Kisha nakaza kwa kukatisha, huku na ng'ambo yake, kwa awamu: kidogo, kidogo tena, halafu kiwango kamili, na mwisho nazunguka pete yote moja baada ya nyingine mpaka hakuna inayosogea. Mpira ni kitu kinachokubali polepole. Boliti uliyoikaza sawasawa dakika tano zilizopita inakuwa imelegea kwa sababu jirani yake ameukandamiza mpira. Kiwango anasema mtengenezaji wa rimu. Kwa boliti za inchi 5/16, zinazotumika sana, mara nyingi ni futi-pauni 16 hadi 20, yaani Nm 22 hadi 27 hivi. Ni nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani, chini sana ya nati za gurudumu. Ndiyo maana spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, haina mbadala hapa, na bunduki ya upepo, mashine ya kukazia boliti, siiruhusu ikaribie pete. Bunduki inaivuta boliti ikarefuka, inaua nyuzi za alumini, na inainamisha pete mahali ilipoanzia.

Nikimaliza hupitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, kwenye nafasi kati ya pete na rimu, mzunguko mzima. Kuna rimu zilizoundwa pete ikutane na chuma, na nyingine zinaacha nafasi. Zote mbili ni sawa mradi nafasi iwe moja kila upande. Ikiwa pana huku na nyembamba kule, tairi halikukaa katikati au pete imepinda. Pete iliyopinda huilaza juu ya meza ya kioo au bamba lililonyooka, natazama mwanga unaopita chini yake. Jiwe moja zuri linatosha kuipinda. Baada ya safari fupi ya kwanza boliti hupimwa upya zote, na baada ya kila safari ya porini tena.

Nilisema nitarudia habari za ukingo wa ndani. Magari yanayotoka Magadi ndiyo yaliyonifanya niuangalie kwa makini. Vumbi jeupe la kule ni magadi yenyewe, na yakipata maji hushambulia alumini. Gari linavuka tope la ukingo wa ziwa, maji yenye chumvi hiyo yanaingia kati ya tairi na mdomo wa ndani wa rimu, yanakauka humo, na likioshwa vibaya yanalowa upya na kuendelea kula. Baada ya muda ukibandua tairi unakuta unga mweupe na vishimo vidogo kwenye chuma, pale hasa mpira unapotakiwa kukaa. Kwenye psi 30 mpira unasukumwa kwa nguvu, unavifuata vishimo na kuviziba. Kwenye psi 12 hauna nguvu hiyo. Ndiyo sababu mtu anakwambia rimu yake haivuji barabarani, inavuja porini tu, na kwa kuwa porini ndiko anakowaza pete, analaumu pete.

Dawa yake ni kusafisha. Brashi ya waya laini na msasa, kwa mkono, mpaka chuma kiwe safi na laini. Grinda sipendi itumike hapo, maana fundi akitetereka kidogo anachimba mfereji ambao ni mbaya kuliko vishimo alivyovikuta. Kisha suuza kwa maji mengi safi, kausha, paka rangi ya msingi nyembamba, iache ikauke kabisa, halafu gundi nyeusi ya kingo za tairi kwa kiasi kidogo. Kuuketisha ukingo huo unahitaji upepo mwingi kwa ghafla, lakini sivuki psi 40. Ukikataa, natoa upepo, nalainisha kwa sabuni na kuanza upya, na wakati wote huo nasimama pembeni, siliinamii tairi.

Valvu nayo ina sehemu yake. Ile ya mpira ya kuchomeka haifai kwenye gari linalopita kwenye mawe. Shina likigongwa linapasuka chini, mahali usipopaona, na linavuja pale tu linapoinama. Valvu ya chuma ya kukaza kwa nati, yenye washa za mpira pande mbili, ni bora zaidi, na washa hizo hubadilishwa kila tairi linapobadilishwa. Pini ya ndani ya valvu hujaribiwa kwa tone la maji ya sabuni kabla ya kitu kingine chochote. Ni jaribio la sekunde chache.

Rimu za kuchomelewa zinahitaji maneno yao. Wengi wetu hatumudu bei ya rimu za kuagiza, kwa hiyo pete ya chini, ile inayopokea boliti, huchomelewa kwenye rimu ya chuma na mafundi wa jua kali, na nimeona kazi zao nyingine nzuri sana. Hatari iko kwenye mshono. Mshono unaweza kuwa na nguvu za kubeba gari na bado ukawa na vitundu visivyoonekana. Mbinu ya zamani ya mafundi wa matangi inafaa hapa: kabla ya rangi, paka chaki iliyosagwa na maji upande mmoja wa mshono, iache ikauke, kisha upande wa pili pitisha brashi yenye mafuta ya taa. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji hayapiti. Yakitokea kama doa jeusi kwenye chaki, hapo pana tundu. Lisage, lisafishe mafuta yote, lichomelewe upya. Rangi nene juu ya tundu hukaa vizuri mpaka siku ya kwanza ya mawe. Mchomeleaji naye aende kwa vipande vifupi vinavyopishana, huku na ng'ambo, la sivyo joto linaikunja sura ya rimu, na pete haitakaa sawa milele.

Na jambo hili nalisema kwa kila anayesoma: usikubali rimu ichomelewe tairi likiwa juu yake, hata kama upepo umetolewa. Joto linaunguza mpira na vilainishi ndani, gesi zinajikusanya, na tairi hulipuka. Watu wamekufa hivyo. Vilevile usilegeze boliti hata moja ya pete kabla hujatoa pini ya valvu na kuhakikisha, kwa kupitisha waya ndani ya shina, kwamba halikuzibwa na tope. Hii ni muhimu maradufu kwenye rimu za vipande viwili za Hummer za kijeshi, ambazo baadhi ya watu huzinunua kwa sababu ni imara. Nusu mbili za rimu yenyewe ndizo zilizoshikana kwa boliti hizo, na ukizilegeza upepo ukiwamo, chuma kinaruka. Hizo huziba kwa oringi, pete ya mpira iliyo kati ya nusu hizo. Ukizifungua, weka oringi mpya. Ya zamani imeshachukua umbo la kubanwa na haitarudi.

Kuhusu zile dawa za kumimina ndani ya tairi, msimamo wangu umekuwa ule ule. Zinasaidia tairi likichomwa na mwiba. Miiba ya migunga ya huku hutoboa tairi, na dawa hiyo inaweza kukufikisha nyumbani. Kwenye pete inafanya kitu kingine: inaingia kwenye njia ya uvujaji, inakauka, inashika kwa wiki chache, na siku unapofungua kutafuta chanzo, kila kitu kimefunikwa na utando na alama za ukanda ule unaong'aa huwezi kuzisoma. Silikoni ya madirisha iliyojazwa chini ya pete ni vivyo hivyo. Zaidi ya hayo inautelezesha mpira wakati wa kukaza, ukasogea kutoka katikati. Nikipokea rimu iliyopakwa silikoni, saa nzima ya kwanza huenda kwenye kuikwangua.

Porini hesabu ni tofauti. Dereva wa timu yetu aliwahi kuniita kwenye redio, tairi la nyuma kushoto linashuka psi 1 kwa saa, na vituo vimebaki vichache. Alitaka kujua kama akae chini akaze pete. Nilimwambia, "Hapana ndugu yangu, ongeza upepo ukisimama kumsubiri mwenzako atafute njia, endelea." Pete ikifunguliwa kwenye vumbi, mchanga unaingia mahali ambapo hata uzi wa mpira ni mwingi mno, na uvujaji wa psi 1 unageuka kuwa wa psi 10. Akiwa na kompresa ndani ya gari, uvujaji huo ni usumbufu tu. Kinachomfanya asimame ni boliti zilizokatika mbili au tatu zikifuatana, kwa sababu hapo pete imeacha kushika, au ubavu uliochanika. Kwa hiyo kwenye kisanduku chake kuna boliti za akiba, spana ya toki, pini za valvu na vifaa vya kuziba pancha, na hakuna gundi yoyote. Uvujaji mwingine wote unasubiri gereji, kwenye sakafu iliyofagiwa na maji safi karibu.